Ithari katika malezi ya Kiislamu

Ithari ni tabia ya kumtanguliza mwenzako katika kitu ambacho wewe mwenyewe unakihitaji. Mkarimu wa kawaida hutoa kilichomzidi. Mwenye ithari hutoa ilhali naye ana njaa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiweka daraja ya juu kabisa ya haki za udugu katika kitabu chake Ihya Ulum al-Din: ya chini ni kumpa ndugu ziada yako, ya kati ni kugawana naye sawa, ya juu ni kumtanguliza.

Chimbuko la somo hili ni Madina, baada ya Hijra ya mwaka 622. Muhajirina, yaani waliohamia huko, walikuwa wameacha nyumba na mali Makka, na Mtume Muhammad (s.a.w.) akawaunganisha udugu na Ansari, wenyeji wa mji. Saad bin Rabii, Ansari, alimwambia Abdurrahman bin Auf, Muhajiri, wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko tu, akaanza kuchuuza samli na jibini kavu. Kukataa kwake nako ni malezi, na kunastahili kusomeshwa sambamba na utoaji wa Saad.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mgeni mwenye njaa. Nyumbani kwa Mtume hapakuwa na kitu ila maji, basi Ansari mmoja akamchukua kwake. Huko nako kulikuwa na chakula cha watoto tu. Mke akawalaza watoto, akaandaa, kisha akainuka kama anayeitengeneza taa, akaizima. Gizani wenyeji wakajifanya wanakula, mgeni asione haya, wakalala na njaa. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, anakihusisha kisa hiki na aya ya 9 ya Surat al-Hashr.

Na watoto je? Swali hilo ni la haki, na Imamu Nawawi (aliyefariki 1277) alilijibu: hawakuwa na njaa ya kuwadhuru, kwani ingekuwa hivyo ingewajibika kuwalisha wao kwanza. Mtu hujinyima haki yake, si ya anaowalea.

Haki ya warithi nayo ililindwa vivyo hivyo. Saad mwingine, bin Abi Waqqas, alipougua Makka, alitaka kutoa sehemu kubwa ya mali yake sadaka ilhali mrithi wake wa karibu ni binti mmoja. Mtume alimruhusu thuluthi, akasema hata hiyo ni nyingi. Thuluthi ndiyo mpaka wa wasia katika sheria ya Kiislamu hadi leo.