SIKU KAMA YA LEO: Vita vya dakika 38 Unguja, chai haijapoa

Wadau, leo tarehe 27 Agosti. Siku kama ya leo mwaka 1896 pale Unguja vilipiganwa vita ambavyo vitabu vya rekodi vinavitaja kuwa vifupi kuliko vyote duniani. Dakika 38. Wengine wanasema 40, wengine 45, inategemea nani alikuwa ameshika saa na alianza kuhesabu wapi. Vyovyote vile, nusu ya kwanza ya mpira ni dakika 45. Yaani vita vimekwisha refa hajapuliza mapumziko.

Ilikuwaje? Tarehe 25 Agosti Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla. Mtaani ikavuma kwamba katiliwa sumu, na kidole kikaelekezwa kwa Khalid bin Barghash, mtoto wa baba yake mdogo. Ushahidi hakuna mpaka leo. Ila Khalid naye hakujisaidia, maana saa chache tu baada ya kifo alikuwa keshaingia ikulu na watu wake wenye silaha, akajitangaza Sultani. Si mara ya kwanza hiyo. Mwaka 1893, alipofariki Sultani Ali bin Said, alijaribu hivyo hivyo, Waingereza wakamtoa kwa maneno. Safari hii akasema hatoki.

Tatizo ni kwamba Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walikwisha kuweka masharti kwamba hakuna kukalia kiti bila ruhusa ya balozi wao. Wao mtu wao alikuwa Hamoud bin Mohammed. Kwa lugha nyepesi: nyumba yako, funguo kwa jirani.

Balozi mdogo Basil Cave akamwandikia Khalid atoke. Khalid akajibu hii ni nyumba ya baba yake, na kwa kweli hakudanganya, baba yake ni Barghash. Admeri Harry Rawson akaja na manowari, zikafika tano zimejipanga mbele ya ikulu: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Khalid akapewa mwisho: saa 3 asubuhi ya tarehe 27, bendera iwe imeshuka. Mzungu aliandika saa 9, kwa saa zake. Angekuwa ameisoma kiswahili angejua ana muda mpaka alasiri, anakula mchana wake taratibu!

Utani pembeni, ndani ya ikulu walikusanyika watu kama 2,800. Wanajeshi hasa walikuwa kama 700 tu. Waliobaki ni raia, watumishi na watumwa wa jumba. Silaha zao ndiyo kichekesho kichungu. Kulikuwa na mizinga miwili aliyoleta Kaiser wa Ujerumani kama zawadi, na mzinga wa shaba wa karne ya 17. Baharini Sultani alikuwa na meli moja, Glasgow, ambayo silaha zake zilikuwa zawadi ya Malkia Victoria. Sasa fikiria mwenyewe, unapigana na Malkia kwa bunduki alizokupa Malkia.

Na upande wa Waingereza nchi kavu nani walisimama? Askari wa Kizanzibari 900, chini ya ofisa Mwingereza. Kwa hiyo hata hii habari ya "Waingereza na Wazanzibari" si sahihi sana, Wazanzibari walikuwa pande zote mbili. Hilo vitabu vya rekodi hawalitaji.

Asubuhi ile Khalid akatuma ujumbe kwamba bendera haishushwi na haamini kama watampiga. Saa 3 ikafika. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza. Ikulu ilikuwa na mbao nyingi, ikashika moto mara moja. Glasgow ikajaribu kuirushia St George risasi, ikajibiwa, ikazama palepale bandarini. Mabaharia wake wakapandisha bendera ya Uingereza kusalimu amri, wakaokolewa. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mpaka 1912, miaka 16 watu wanaiangalia tu.

Khalid alikuwa wapi? Alishatoka mapema, mlango wa nyuma, hadi ubalozi wa Ujerumani. Walioungua ni wale walioachwa ndani. Watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa, wengi kwa moto. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja, akapona. Ukiwasikia watu wanacheka "vita vya dakika 38", waulize hiyo 500 ni hesabu ya nini. Majina ya wengi wao hatunayo, ya manowari tunayo yote.

Mchana huohuo Hamoud akawa Sultani. Wafuasi wa Khalid wakadaiwa fidia ya rupia 300,000, ndani yake ikiwemo gharama ya mizinga waliyopigwa nayo. Ndiyo, umesoma sawasawa. Unapigwa, halafu unaletewa bili ya fimbo.

Waingereza wakaweka walinzi nje ya ubalozi wa Ujerumani wamsubiri Khalid akikanyaga tu ardhi ya Zanzibar wamkamate. Wajerumani wakasubiri zao maji kujaa. Tarehe 2 Oktoba maji yakajaa mpaka kwenye geti la bustani, boti ya manowari Seeadler ikasogea, Khalid akaruka kutoka ubalozini moja kwa moja ndani ya boti. Ardhi hakuikanyaga! Akapelekwa Dar es Salaam. Hapo Wajerumani wapewe haki yao, waliijua bahari ya watu.

Waingereza hawakusahau. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakamkamata, wakampeleka Seychelles na St Helena. Baadaye akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927.

Na Beit al-Ajaib, jirani ya ikulu iliyopigwa? Mizinga ya 1896 iliiacha na majeraha madogo tu. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye ukarabati, sehemu yake ikaporomoka yenyewe, ikaua watu wawili. Hakuna aliyepiga hata risasi moja.