Neno Lililoacha Miti Yake

Shampuu hujulikana leo kuwa sabuni ya nywele, na watu wengi huidhani kuwa zao la Ulaya. Lakini neno hilo lilizaliwa Bara Hindi, na hapo mwanzo halikuwa na maana ya sabuni. Champo katika Kihindi ni amri: kanda, bonyeza. Lilikuwa neno la mkono.

Mkono huo ulikuwa na elimu nyuma yake. Kitabu cha Charaka, mojawapo ya nguzo za tiba ya Ayurveda, ambacho umri wake wapita miaka 1500, huagiza kichwa kipakwe mafuta kila siku ili mtu aepukane na maumivu ya kichwa, kipara na mvi. Katika mafuta ya namna hiyo walipika bhringraj, mmea mdogo upendao penye majimaji, na amla, tunda chachu mno. Kwa kuoshea walitumia ritha na shikakai. Maganda yake yakilowekwa na kusuguliwa hutoa povu, kwa sababu yana saponini, ambayo huondoa mafuta na taka. Wenyeji waliona povu hilo zamani sana, hata ritha ikapewa katika Kisanskriti jina la phenila, yaani yenye povu.

Aliyelitangaza neno hilo Uingereza ni Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna mwaka 1759. Alikulia katika jeshi la Kampuni ya India Mashariki, akahamia Ireland mwaka 1784. Mwaka 1810 alifungua mkahawa wa Kihindi London, na baada ya miaka miwili akafilisika. Hakukata tamaa. Alikwenda Brighton, mji wa pwani, akajenga hamamu ambamo mgonjwa aliketi katika mvuke wa dawa za miti za Kihindi, kisha akakandwa mwili. Wafalme George IV na William IV walimfanya mkandaji wao. Hapo neno na miti vilikuwa bado pamoja, ingawa nywele hazikuwa kusudi.

Alifariki mwaka 1851. Katika miaka iliyofuata Waingereza walilihamisha neno kutoka mwilini hadi kichwani, na kutoka kukanda hadi kuosha. Mwaka 1903 Hans Schwarzkopf wa Berlin alitoa shampuu ya unga. Baadaye sabuni za viwandani zikaenea. Neno likaingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza, na ritha ikabaki nyuma.

Kwa habari hii watu huangukia makosa mawili. Wako wanaoidharau elimu hiyo kwa kuwa ni ya kale, hali povu la ritha hushuhudiwa na macho, na likiingia machoni huwasha kama sabuni yoyote. Wako pia wanaoisifu kupita kiasi, wakiahidi kwamba bhringraj huotesha nywele penye kipara. Ahadi hiyo haijapata ushahidi wa kutosha kwa watu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Elimu ya kale haidai kusadikiwa katika kila neno. Yadai itajwe kwa jina lake palipo na kazi yake, na ipimwe palipo na madai yake.