Mmoja Kati ya 31: Barbara Jordan katika Seneti ya Texas, 1967–1972

Historia ya watu weusi wa Marekani husimuliwa zaidi kwa maandamano, mahubiri na hotuba kubwa. Hiyo ni haki yake. Lakini upo upande mwingine usiotajwa sana, nao ni kazi ya polepole ya kutunga sheria katika mabaraza ya majimbo. Katika makala hii tutamtazama mtu mmoja aliyeifanya kazi hiyo, marehemu Barbara Jordan wa Houston, ambaye wengi humjua kwa miaka yake ya Washington tu.

Kwanza tukumbushane jinsi nchi ile inavyotawaliwa. Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Mambo yanayomgusa mtu wa kawaida kila siku, kama vile shule, fidia ya aliyeumia kazini na kanuni za kupiga kura, kwa sehemu kubwa huamuliwa katika makao makuu ya jimbo. Kwa Texas makao hayo ni mji wa Austin, na Seneti yake ina wajumbe 31.

Mtu mweusi wa Texas alikuwa amefungiwa milango mingi ya kuingilia humo. Kwa muda mrefu Chama cha Democratic, ambacho ndicho kilichotawala jimbo lote, kiliruhusu weupe peke yao kupiga kura katika mchujo wa wagombea. Ubaguzi huo uliondolewa na Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1944, katika shauri lililofunguliwa na daktari wa meno wa Houston, Lonnie Smith. Ikabaki kodi ya kura. Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa, ambayo asiyelipa alikamatwa. Hii ya Texas ilikuwa na ujanja wake: asiyelipa hakukamatwa, ila hakupiga kura. Ilikuwa kati ya dola 1.50 na 1.75 kwa mwaka, na kwa kibarua wa shambani hiyo ilikuwa ni kazi ya zaidi ya saa moja au mbili. Kodi hiyo ilikoma katika uchaguzi wa taifa mwaka 1964, na katika uchaguzi wa majimbo mwaka 1966.

Barbara Jordan alizaliwa tarehe 21 Februari 1936 katika mtaa wa Fifth Ward, Houston. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kibatisti na tena mfanyakazi wa ghala. Binti alimaliza sekondari ya Phillis Wheatley mwaka 1952, akaingia Chuo Kikuu cha Texas Southern. Chuo hicho kilianzishwa na jimbo mwaka 1947 kwa ajili ya watu weusi, wakati ambapo kijana mweusi aitwaye Heman Sweatt alikuwa akidai mahakamani kuingia shule ya sheria ya weupe. Hapo Jordan alijifunza mdahalo chini ya mwalimu Tom Freeman. Sisi tuliokesha tukitayarisha hoja za Jumamosi twajua faida ya mafunzo hayo. Mwaka 1959 alipata shahada ya sheria huko Boston, akarudi kwao na kuanza uwakili juu ya meza ya chakula nyumbani kwa wazazi wake.

Kazi yake ya kwanza ya siasa haikuwa ya jukwaani. Katika kampeni ya urais ya mwaka 1960 alijitolea katika ofisi ya chama mtaani, akibandika stempu na kuandika anwani juu ya bahasha. Kisha akasaidia kupanga mitaa ya watu weusi, nyumba kwa nyumba, kila kipande cha mtaa kikiwa na mtu wake wa kuwahimiza jirani waende kupiga kura. Haba na haba hujaza kibaba. Watu wa mitaa hiyo walimjua kabla hajawaomba kura hata moja kwa ajili yake mwenyewe.

Hata hivyo, alipogombea Baraza la Wawakilishi la Texas mwaka 1962, alishindwa. Akagombea tena mwaka 1964, akashindwa tena. Sababu kubwa ilikuwa mpango wa uchaguzi. Wawakilishi wote wa Harris, kaunti yenye mji wa Houston, walipigiwa kura na kaunti nzima. Hivyo mgombea aliyependwa sana katika mitaa ya watu weusi alizamishwa na kura za mitaa mingine. Mtu aweza kuwa na watu wengi nyuma yake na bado asipate kiti, kama mipaka imechorwa ili asikipate.

Mipaka hiyo ilivunjwa na mahakama. Mwaka 1964 Mahakama Kuu iliamua kuwa maeneo ya uchaguzi ya mabunge ya majimbo lazima yawe na idadi ya watu inayolingana. Texas ikalazimika kuchora upya ramani yake, na katika Houston likapatikana eneo la 11 la Seneti, lililokaliwa na watu weusi, watu wenye asili ya Meksiko na wafanyakazi weupe wa vyama vya wafanyakazi. Mwezi Mei 1966 Jordan alishinda mchujo hapo kwa kura nyingi. Januari 1967 aliingia Seneti akiwa mtu mweusi wa kwanza tangu mwaka 1883, na mwanamke mweusi wa kwanza katika historia yote ya baraza hilo. Wajumbe wenzake 30 wote walikuwa wanaume.

Je, mtu mmoja kati ya 31 aweza kufanya nini? Jordan alianza kwa kuzisoma kanuni. Kwa desturi ya Seneti ya Texas, muswada haukuweza kujadiliwa bila idhini ya theluthi mbili. Maana yake, wajumbe 11 walitosha kuuzuia. Kwa kuhesabu kura na kuwaendea wenzake mmoja mmoja, alisaidia kuukwamisha muswada ambao ungefanya uandikishaji wa wapiga kura kuwa mgumu zaidi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Naye aliwasaidia wenzake katika miswada yao isiyowadhuru watu wake, ili siku ya haja apate wa kusimama naye.

Jambo lake kubwa lilikuwa kima cha chini cha mshahara. Majira ya kiangazi ya mwaka 1966, vibarua wa mashamba ya matikiti katika bonde la mto Rio Grande waligoma, kisha wakatembea kwa miguu mamia ya maili hadi Austin wakidai dola 1.25 kwa saa. Gavana John Connally alikutana nao njiani, akakataa kuitisha kikao cha pekee cha bunge kwa ajili ya dai lao. Mwaka 1969 Texas ilipata sheria yake ya kwanza ya kima cha chini, na kiasi kilikuwa hicho hicho cha dola 1.25. Jordan alikuwa mmoja wa waliousukuma muswada huo. Kiasi hicho kilikuwa chini ya dola 1.60 ya sheria ya taifa, lakini sheria ya taifa iliwaacha nje wafanyakazi wengi maskini. Pia aliongoza kamati ya Seneti iliyoshughulikia mambo ya kazi, akafanikisha kuongezwa kwa fidia ya wafanyakazi wanaoumia, na akapigania vifungu vya kukataza ubaguzi katika mikataba ya serikali ya jimbo.

Hakukosa wapinzani, hata miongoni mwa watu wake. Mwaka 1971 ramani ilichorwa tena, naye akiwa makamu mwenyekiti wa kamati iliyohusika. Likapatikana eneo la 18 la Bunge la taifa ambalo Jordan alilishinda mwaka 1972, lakini eneo lake la zamani la Seneti lilibadilishwa na wapiga kura weusi wakapungua. Curtis Graves, mwakilishi mweusi wa Houston, alimlaumu hadharani kuwa ameuza kiti cha watu wake ili apate cha kwake. Wapiga kura walimchagua Jordan kwa wingi, lakini hoja ya Graves haikuwa ya bure: baada ya Jordan kuondoka, Seneti ya Texas haikupata mjumbe mweusi mwingine mpaka mwaka 1983, alipoingia Craig Washington. Mapatano na wenye nguvu yana bei yake, na mwanahistoria hana budi kuandika faida na hasara pamoja.

Mwezi Machi 1972 wajumbe wenzake walimchagua kuwa rais wa muda wa Seneti. Tarehe 10 Juni mwaka huo, kwa desturi ya jimbo, alishika madaraka ya ugavana kwa siku moja. Baba yake alihudhuria, akaugua siku hiyo hiyo, na kesho yake akafariki. Huko Washington, Jordan alisaidia mwaka 1975 kuipeleka Sheria ya Haki ya Kupiga Kura hadi Texas na kwa wasiojua Kiingereza vizuri. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Alifariki tarehe 17 Januari 1996, akiwa na umri wa miaka 59.

Wengi wetu tuliopita katika shule yetu tumo katika kamati za shule, halmashauri za wilaya na vyama vya ushirika. Huko nako zimo kanuni ambazo wajumbe wengi hawazisomi, na mipaka ambayo hawaulizi ilichorwa na nani. Jordan aliuliza, akasoma, akahesabu kura, na kibarua wa Texas akapata dola yake na senti 25.