Waya ulifika Muanda, bei ikabaki juu: historia fupi ya intaneti kwetu Kongo



Kwenye magrupu yetu malalamiko ni yale yale: mega zimeisha, memwari haijatumwa, tarehe ya kuomba bursi imepita. Wengi tumezoea kusema "Kongo iko hivyo." Lakini ukifuata historia utaona kwamba bei ya intaneti ilitokana na maamuzi ya watu. Na maamuzi ya watu yanaweza kubadilishwa.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1986, wakati wa Mobutu, Telecel ilianzisha simu za mkononi Kinshasa, kati ya za kwanza Afrika nzima. Nani alizishika? Mawaziri, wakubwa wa jeshi na matajiri. Raia alibaki na rezo ya leta iliyokuwa inazidi kuharibika. Teknolojia ilifika mapema, ila haikumfikia kila mtu.

Oktoba 2002 zilitoka sheria mbili: namba 013/2002 juu ya mawasiliano, na namba 014/2002 iliyounda ARPTC, ofisi ya kusimamia makampuni. Makampuni yalishindana, na simu ikafika hadi kwa mama muuza fretini sokoni. Mwaka huo huo watoa huduma ya intaneti walianzisha KINIX, mahali ambapo rezo zao zinakutana Kinshasa. Maana yake ni hii: ujumbe wa mtu wa Gombe kwenda kwa mtu wa Limete hauna lazima ya kuzunguka Ulaya kwanza kwa setilaiti. Mzunguko ule unalipwa kwa dola, na mwishoni anayelipa ni mteja.

Halafu ukaja waya wa fiba optiki wa WACS, unaopita chini ya bahari toka Afrika Kusini hadi Uingereza. Ulianza kazi mwaka 2012. Sisi tuliungwa pale Muanda Julai 2013. Wengi walitarajia bei ianguke. Lakini waya uliwekwa mikononi mwa kampuni moja ya leta, SCPT. Tena toka Muanda hadi Goma ni zaidi ya kilomita 1,800 hata kwa ndege, na kazi ya kupeleka fiba ndani ya nchi ilienda polepole. Huku mashariki tulitegemea njia ya Rwanda na Uganda, toka kwenye nyaya zilizofika Mombasa na Dar es Salaam tangu 2009. Mega yako inavuka mipaka kabla ya kukufikia, na kila mpaka una malipo yake. Mahali mlango uko mmoja, mwenye mlango ndiye anapanga bei.

Mlango mmoja una hatari nyingine: ni rahisi kuufunga. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 ilikatwa tena, karibu siku 20. Mwanafunzi, mfanyabiashara, muganga, wote waliadhibiwa pamoja bila kesi.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu zaidi. Septemba 2020 ilianza RAM: simu ya 3G au 4G ilitozwa dola 7 kwa mwaka, zikikatwa kidogo kidogo kwenye inite zetu. Vijana walipiga kelele, mitandaoni na barabarani. Wabunge wakamwita waziri ajieleze. Mwanzoni mwa 2022 RAM ikaondolewa. Haikuondoka kwa huruma ya mtu. Iliondoka kwa sababu raia walijua kiasi, walijua nani anakata, na hawakunyamaza.

Hata Starlink inafundisha jambo hilo. Machi 2024 ARPTC iliikataza. Mei 2025 ikatoa ruhusa. Setilaiti zilikuwa juu ya vichwa vyetu wakati wote. Kilichobadilika ni karatasi.

Basi tudai nini? Kwanza, kila waya uliojengwa kwa pesa ya leta ukodishwe kwa kila mtoa huduma, kwa bei moja inayotangazwa wazi. Pili, sheria namba 20/017 ya Novemba 2020 ilipanga mfuko wa kufikisha mawasiliano kwa watu wote. Tuulize kila mwaka: umeingiza kiasi gani, na umejenga wapi? Tatu, kukata intaneti kusiwe amri ya ofisi moja. Kupite mbele ya hakimu.

Sisi ndio tunajua kusoma hizo sheria. Mama muuza fretini hana muda wa kufungua kurasa za Journal Officiel, lakini analipa mega sawa na sisi. Mwenye alisoma sheria asome hiyo 20/017, mwenye alisoma uchumi ahesabu bei, mwenye alisoma informatiki aeleze njia za waya. Ya RAM yalituonyesha kwamba dai lenye hesabu linasikilizwa.