Kanisa Lililojificha na Daftari Zake

Wazee walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la wafanya biashara, lakini lafaa pia kwa makanisa. Ushahidi wake, msomaji, tuutafute katika mji wa Amsterdam, nchi ya Uholanzi.

Mwaka 1535 kikundi cha Wakristo waliokataa ubatizo wa watoto wachanga kilivamia kwa silaha jumba la baraza la mji ule. Walishindwa, na wengi wakauawa. Tangu hapo hata ndugu zao wapenda amani waliwindwa, miongoni mwao wafuasi wa Menno Simons, padre aliyeacha upadre mwaka 1536. Hao ndio Wamennonite, ambao wamisionari wao kutoka Marekani walifika Shirati, Tanganyika, mwaka 1934. Katika siku zile za mateso, jina lililoandikwa karatasini liliweza kumfikisha mwenyewe kwenye moto.

Mwaka 1578 utawala wa mji ulibadilika, na mauaji yakakoma. Hata hivyo Wamennonite hawakuwa na ruhusa ya kusali katika jengo linaloonekana kuwa kanisa. Ndipo mwaka 1608 walipojenga nyuma ya nyumba zilizo kando ya mfereji wa Singel, hata mpita njia asitambue kwamba mle ndani mna ibada. Kanisa hilo lingali limesimama.

Walijificha machoni pa watu, lakini kalamu hawakuiweka chini. Waliandika majina ya waliobatizwa, hesabu za sadaka walizogawiwa maskini, na barua za kutoka mbali. Kwa barua hizo twajua kwamba ndugu zao wa Bern, Uswisi, walipofungwa na kufukuzwa, watu wa Amsterdam walichanga fedha. Na mwaka 1711 mamia ya wakimbizi hao walifika Uholanzi kwa mashua, wakiufuata mto Rhine.

Lakini daftari za kweli hazisimulii wema peke yake. Mwaka 1664 ushirika uligawanyika. Mhubiri Galenus Abrahamsz alifundisha kwamba hakuna kanisa duniani liwezalo kudai kuwa ndilo pekee la kweli. Samuel Apostool akapinga, akatoka na wafuasi wake. Upande mmoja uliitwa Mwana-Kondoo, na wa pili Jua. Hawakuungana tena mpaka mwaka 1801, baada ya miaka 137.

Walipopatana hawakuyachoma makaratasi ya ugomvi. Profesa J. G. de Hoop Scheffer aliorodhesha nyaraka za ushirika huo katika vitabu viwili, mwaka 1883 na 1884, na leo zatunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya mji.

Basi, msomaji, huenda kanisa, msikiti au chama cha ushirika cha kwenu kina sanduku la daftari kuukuu linaloliwa na mchwa. Usikubali litupwe, wala usiruhusu kurasa za aibu zichanwe. Wajao wana haki ya kujua jinsi tulivyosaidiana, na jinsi tulivyogombana pia.