Pleiku ya Texas
Nilipofungua Chickenhawk, kumbukumbu za rubani Robert Mason zilizotoka 1983, nilitegemea Vietnam moja kwa moja. Wapi! Kwanza ni Fort Wolters, nje ya mji mdogo wa Mineral Wells, Texas, ambako jeshi la Marekani lilifundisha hatua ya kwanza ya kurusha helikopta kuanzia 1956 hadi 1973. Walipita wanafunzi kama 40,000. Kilichowatoa jasho ni kuituliza mashine hewani, futi chache juu ya ardhi, bila kwenda popote: mikono miwili na miguu miwili, kila kimoja na kazi yake, ukigusa hiki na kile kinadai.

Ila mimi kilichonikaa ni majina. Viwanja vidogo vya mazoezi, huko kwenye mashamba, vingi vilipewa majina ya miji ya Vietnam: Pleiku, Da Nang, Hue, Tay Ninh. Kijana anatua Pleiku asubuhi, jioni yuko bwenini anakula. Miezi michache baadaye, akishamalizia mafunzo Alabama, anatua Pleiku yenyewe, na huko wanampiga risasi. Marubani wa helikopta zaidi ya 2,000 wa Marekani walikufa katika vita ile.

Na walikuwepo pia wanafunzi kutoka Vietnam Kusini. Hao walivuka bahari kuja kujifunza kutua kwao.