Akili Bandia, Akili Mnemba au Akili Unde?

Kijana wa Sib, Oman, anayesoma Al Khoudh, katika Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, teknolojia ya mashine zinazojibu kama mtu anaijua kwa Kiarabu: dhakaa istinai. Akirudi nyumbani kwa wazee waliokuja kutoka Unguja na Pemba, itambidi aitafutie jina la Kiswahili, maana bibi yake atamuuliza, “Mwanangu, huyo anayekujibu kwenye simu ni mtu?” “Si mtu, bibi.” “Basi ni nini?” Jibu linategemea istilahi atakayoishika.

Ziko tatu. Akili bandia ndiyo inayoeleweka upesi kuliko zote. Akili mnemba imeenea sana maofisini na magazetini Tanzania, ingawa Mzanzibari akilisikia neno hilo hukumbuka kwanza kisiwa kilichoko mbele ya Matemwe. Akili unde inasikika pia, kwa uchache. Mimi naitetea hii ya tatu, na sababu zangu nimezipata katika bunilizi ya kisayansi, fasihi iliyoanza kuzitilia shaka mashine zinazofikiri kabla hazijakuwepo.

Bandia ni neno lenye doa. Tunasema noti bandia, dawa bandia, vyeti bandia, na kila mara tunamaanisha kwamba kuna mtu ametapeliwa. Meno ya bandia hayamdhuru mtu, kweli, lakini matumizi ya namna hiyo ni machache. Ukiiita mashine akili bandia umeshatoa hukumu: kosa lake ni kutokuwa halisi. Bunilizi ya kisayansi haisemi hivyo. Karel Čapek aliitoa tamthilia yake R.U.R. mwaka 1920, na ndimo lilimotoka neno roboti, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Maroboti wake wanaasi kwa sababu wametumikishwa. Hakuna anayelalamika kwamba ni wa uongo.

Mfano mzito zaidi ni Dune ya Frank Herbert, iliyotoka 1965. Ni riwaya ya safari, jangwa na vita, na msomaji wa Oman hukutana humo na maneno ya Kiarabu yaliyotawanywa kila mahali. Mashine zenye akili hazimo kabisa, kwa kuwa zamani za kale zilipigwa vita na kufutwa. Vita hivyo Herbert aliviita Jihadi ya Butler, jina linalomkumbusha msomaji Samuel Butler, Mwingereza aliyeandika mwaka 1863, akiwa New Zealand, kwamba mashine huenda zikawarithi wanadamu. Baada ya vita ikabaki amri ya dini inayokataza kutengeneza mashine yenye kuiga akili ya mtu. Tazama amri hiyo inamwelekea nani. Inamwelekea fundi. Na riwaya inaeleza sababu: watu waliziachia mashine kazi ya kufikiri wakitumaini uhuru, kumbe wakawapa nafasi watu wengine, wenye mashine hizo, wawatawale. Kinachoogopwa ni mkono ulio nyuma ya chombo. Kwa Kiswahili Katama Mkangi alipita njia iliyo karibu na hiyo katika riwaya yake Walenisi ya 1995, ambamo mhusika Dzombo anarushwa angani kwa chombo kilichokusudiwa kumuua. Jina la riwaya ukilikata linasema wale ni sisi.

Sasa rudi kwenye unde. Limetokana na kuunda, kitenzi cha mafundi wa majahazi, na kiishio chake -e kina kazi maalumu. Mtume ni aliyetumwa, mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa. Kila neno la namna hiyo linaficha mtendaji ambaye lazima awepo: hakuna mtume asiye na aliyemtuma. Unde ni iliyoundwa, kwa hiyo kuna aliyeiunda. Nyumba yenye dini itapenda jambo jingine hapo: kuumba tumemwachia Mungu, kuunda ni kazi ya binadamu, na istilahi imeuweka mpaka huo bila kuhubiri. Mtu akiambiwa kwamba akili unde imemnyima mkopo, swali la “iliyoundwa na nani?” limo tayari ndani ya neno. Akiambiwa ni akili bandia, atabishana tu kama ni akili au siyo, na mwenye benki atakuwa ameshaondoka.

Kiarabu nacho kiko upande huu. Istinai ina mzizi mmoja na neno letu sanaa: ni kitu cha ufundi.

Linalonisumbua bado ni neno akili lenyewe. Waarabu hawakusema aqli, walichagua dhakaa, yaani werevu. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, akili ni sharti la mtu kubeba wajibu. Mwendawazimu haandikiwi dhambi, wala mtoto mdogo. Mashine haibebi wajibu wowote, hata ikijibu vizuri namna gani, na dhima ya inachokitenda humrudia mtu. Kwa hiyo werevu unde ingekuwa istilahi sahihi zaidi. Lakini akili imeshakaa vinywani, kutoka Mombasa hadi Sib, na kuing'oa sasa kungewachanganya watu. Mzigo wote unabaki kwa neno la pili, na bandia haliwezi kuubeba.